Kadi ya Bima Haimtibu Mgonjwa

Wanafunzi wenzangu, tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, mjadala wa kwenye vimbweta ni uleule: nani atachangia, kiasi gani, na asiye na kitu itakuwaje. Ni maswali ya msingi. Ila mimi ninayesomea udaktari nina jingine: mwenye kadi akifika zahanati, atamkuta nani?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama katika hospitali za umma. Mwaka 1996 ukaja Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanzia Igunga, na 2001 ukaanza Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, kwanza kwa watumishi wa umma. Mwaka 2007 ukafuata mpango wa MMAM: kila kijiji zahanati, kila kata kituo cha afya.

Sasa tazama muda. Zahanati hujengwa kwa miezi. Muuguzi wa diploma husoma miaka 3. Daktari miaka 5, kisha mwaka 1 wa intani. Ndiyo maana majengo hutangulia watu. Shirika la Afya Duniani linataka madaktari, wauguzi na wakunga 44.5 kwa kila watu 10,000, na sisi bado tuko mbali sana.

Lakini mbona kaka na dada zetu waliohitimu wako mtaani? Kwa sababu upungufu una sura mbili. Kuna kukosa wataalamu, na kuna kukosa nafasi za kuwaajiri. Kuongeza udahili kunatibu sura ya kwanza tu. Ya pili inataka vibali vya ajira na bajeti ya mishahara. Sehemu ya fedha za bima zinazorudi kituoni ingeweza kuajiri watu kwa mkataba.

Kuna na suala la tunavyofundishwa. Muda mwingi tunapita raundi nyuma ya mabingwa, kwenye hospitali kubwa zenye kila kipimo. Mtanzania wa kijijini anaanzia zahanati, kwa tabibu au muuguzi. Rufaa ikichelewa pale, bingwa anapokea mgonjwa aliyekwisha zidiwa. Fildi ya wiki chache haitoshi kutufundisha kazi hiyo. Tunahitaji miezi, tukiwa na msimamizi.

Najua kuna atakayesema, "Mtupeleke porini bila nyumba wala posho?" Ana haki. Anayetaka daktari akae kijijini amtafutie kwanza pa kulala, maji na umeme.

Basi mtaala wetu utakapopitiwa upya, serikali ya wanafunzi idai kiti mezani na kupeleka mambo mawili: fildi ndefu ya vijijini, na nyumba ya kufikia. Tusisubiri kuulizwa. Wa kukaa kwenye zile zahanati ni sisi.