SOMA KABLA HUJANUNUA

Maandiko ya somo: Yeremia 32:6-15; 1 Wafalme 21:1-16; Luka 14:28-30



Tangu tumalize mafundisho ya uwakili wa mali, wengi wenu mmenisimamisha pale nje baada ya ibada na swali moja: "Pasta, wewe ulisomea biashara. Nataka kuanza na ploti. Nisome kitabu gani?" Nimeona nijibu kwa maandishi ili kila mmoja apate. Lakini kabla ya orodha, wacha nikiri jambo.

Mwaka 2016 nilikuwa na digrii, nilikuwa na kazi, na vitabu vya utajiri nilikuwa nimesoma kuliko kijana yeyote mtaani kwetu. Mimi na mke wangu tulikuwa na mwaka mmoja wa ndoa. Kampuni moja ya kuuza ploti ikatupakia kwenye basi Jumamosi, ikatupa soda na kofia, ikatuonyesha uwanda mzuri wenye vigingi vyeupe. Ploti ya 50 kwa 100, shilingi 450,000. Tukachukua mkopo wa Sacco, tukalipa 300,000 za kwanza. Karatasi tuliyoonyeshwa ilikuwa fotokopi ya hati mama. Niliishika, nikaona muhuri, nikairudisha.

Kulikuwa na mama mmoja wa kikundi chetu cha nyumbani, amestaafu tu. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Hiyo shamba umeiangalia?" Nikamwambia, "Iko sawa, Mama." Akatoa 150,000 ya kiinua mgongo chake.

Miaka miwili baadaye tulikwenda kuweka ua, tukakuta tangazo la mnada. Shamba lote lilikuwa limewekwa rehani benki hata kabla sisi hatujauziwa. Kurudi ofisini kwa kampuni, mlango umefungwa, simu hazishikwi. Mkopo wa Sacco niliulipa mpaka mwisho bila hata kipande cha udongo. Na yule mama nilimrudishia kidogo kidogo kwa miaka mitatu, maana alinunua kwa neno langu.

Lakini kilichoniuma zaidi ni hiki: ile rehani ilikuwa imeandikwa kwenye rejista ya ardhi siku zote hizo. Ilikuwa inangoja msomaji. Mimi nilisoma vitabu vinavyonipa moto, nikaacha ukurasa mmoja unaohusu ardhi yenyewe niliyokuwa nanunua.

Kwa hiyo orodha yangu iko na mpangilio. Ifuate hivyo hivyo.

1. YEREMIA 32

Wengi tunaijua sura hii kama ahadi ya matumaini, na ni kweli. Lakini isome tena kama mnunuzi wa ardhi. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, na Yeremia amefungwa katika ukumbi wa walinzi. Binamu yake Hanameli anamletea habari za shamba la Anathothi.

Sasa hesabu hatua zake. Kwanza, haki ya kununua ilijulikana: Yeremia alikuwa jamaa mwenye haki ya kulikomboa. Pili, bei ilitajwa, shekeli 17 za fedha, na ikapimwa kwenye mizani mbele ya watu. Tatu, hati iliandikwa, ikatiwa sahihi, na mashahidi wakatia sahihi zao. Nne, nakala zilikuwa mbili: moja imefungwa kwa muhuri, moja iko wazi ya kusomwa. Tano, alimpa Baruku mbele ya mashahidi aziweke katika chombo cha udongo, zidumu siku nyingi.

Huyu ni nabii! Alikuwa amesikia kutoka kwa Mungu kuhusu ununuzi ule, na bado akaandika, akaita mashahidi, akahifadhi nakala. Wewe unayesema "nina amani rohoni kuhusu hii ploti", amani yako haikuondolei kazi ya karatasi. Hata sheria ya Kenya ya mikataba inataka mauziano ya ardhi yaandikwe, yatiwe sahihi na yashuhudiwe. Mkataba wa mdomo na picha ya M-Pesa si hati ya Anathothi.

2. THE RICHEST MAN IN BABYLON

Kitabu hiki kilitoka mwaka 1926. Mwandishi wake ni Mmarekani George S. Clason, aliyekuwa pia mchapishaji wa ramani. Ni hadithi fupi fupi, unaweza kukimaliza kwa wiki moja ukiwa kwenye matatu. Somo lake linalojulikana ni la kuweka akiba sehemu moja kati ya kumi ya kila unachopata, kabla hujamlipa mwingine yeyote. Hiyo ndiyo itakuwa dipoziti yako. Usianze na mkopo kama mimi.

Lakini simama kwenye kisa cha Arkad na akiba yake ya kwanza. Alimpa mfyatua matofali pesa za mwaka mzima akamnunulie vito. Yule mtu akauziwa vipande vya glasi. Alikuwa mwaminifu, ila vito si kazi yake. Mimi nilikuwa huyo mfyatua matofali kwa yule mama. Mpendwa, usimwulize mchungaji kama hati ni safi. Mwulize wakili na mpima ardhi, na si yule wakili uliyeletewa na muuzaji. Mchungaji mwombe maombi.

3. RICH DAD POOR DAD

Najua wengi mko nacho. Robert Kiyosaki alikitoa mwaka 1997. Chukua jambo moja kubwa: mali ni kile kinachokuingizia pesa, na kile kinachokutoa pesa kila mwezi ni mzigo, hata kama majirani wanakusifia. Ukipima ploti zetu kwa kipimo hicho, nyingi tulizonunua mbali na kuziacha nyasi kwa miaka kumi hazijatuingizia hata shilingi. Pengine bei imepanda, lakini bei huwezi kula mpaka uuze, na ukiuza kuna kodi ya faida ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15.

Kuhusu mikopo, kisome kwa uangalifu. Kiliandikwa Marekani, ambako mtu wa kawaida hupata mkopo wa nyumba wa miaka 30 kwa riba isiyobadilika. Kwetu mikopo ya nyumba kutoka benki ni michache sana: Benki Kuu ilihesabu takriban 30,000 nchi nzima mwaka 2023. Ujasiri wa kukopa uliojengwa juu ya riba ya kule, ukiuleta hapa, unaweza kukuuzia nyumba uliyo nayo.

4. REJISTA YA ARDHI

Hiki ndicho kitabu nilichoruka. Ni kifupi kuliko vyote na ndicho kitakachokuokoa. Watu hukiita "kufanya sachi". Unapeleka nambari ya ardhi kwa msajili wa ardhi, unalipa ada, unapata majibu. Nairobi huduma hii iliingizwa kwenye mfumo wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021, na kaunti nyingine zimekuwa zikifuata.

Rejista iko na sehemu tatu. Sehemu A inaeleza ardhi yenyewe: nambari, ukubwa, ramani. Linganisha na kile ulichoonyeshwa kwa miguu, na mpima ardhi akuonyeshe bikoni. Sehemu B ni wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Je, jina la mwisho ndilo la huyu anayekuuzia? Kitambulisho chake kinalingana? Sehemu C ni mizigo: rehani za benki, zuio, amri za mahakama. Yangu ilikuwa hapo, Sehemu C.

Fanya hivyo kabla ya kutoa shilingi ya kwanza, na urudie kabla ya kutoa ya mwisho, maana mambo hubadilika katikati.

Tukiwa hapo, mambo mawili zaidi. Kama ni shamba la kilimo, kwa kawaida mauziano yanahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi linafaa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Kama ni mali ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka idhini ya mume na mke. Ukiona muuzaji anakuja peke yake, na anataka mambo yaishe kabla mkewe hajatoka safari, funga pochi.

5. SHAMBA LA NABOTHI NA HUKUMU MBILI

Somo hili lisome kwa hofu. Ahabu alitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Yezebeli akaandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wa mfalme, akapata mashahidi wa uongo. Unaona? Muhuri ulikuwa wa kweli na shamba lilikuwa la wizi. Sasa jiulize: kama Ahabu angelikata lile shamba vipande vya 50 kwa 100 na kuwauzia washirika kwa bei ya kutupa, mnunuzi angekuwa na nini mkononi?

Mahakama ya Juu ya Kenya ililijibu swali la namna hiyo Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ilihusu kiwanja cha pwani huko Nyali kilichokuwa eneo la umma. Kampuni ilikinunua na ilikuwa na hati. Mahakama ikasema hati peke yake haitoshi. Kama ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, aliyenunua baadaye hawezi kujificha nyuma ya hati yake. Septemba mwaka huo huo, katika kesi ya Torino Enterprises, ikasema barua ya ugawaji si hatimiliki.

Maana yake kwetu ni kwamba usisome jina la mwisho tu. Rudi nyuma mpaka kwa mwenye ardhi wa kwanza. Je, hapa palikuwa uwanja wa shule? Njia ya mto? Ardhi ya mayatima ambao mjomba aliwahi kortini kabla yao? Ongea na wazee na majirani wa pale bila dalali kuwepo. Hukumu na sheria zote zinapatikana bure mtandaoni kwa Kenya Law.

Na hili si la usalama wa pesa pekee. Ukijua kuna mjane analia nyuma ya ile bei nzuri, usinunue hata kama wakili amekuambia utashinda.

6. DAFTARI LAKO

Luka 14 inamtaja mtu anayekaa chini kupiga gharama kabla ya kujenga mnara. Kaa chini basi, na mwenzi wako akiwa kando yako.

Ploti ya 600,000 haimalizikii hapo. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini, yaani 24,000, au asilimia 2 mashambani, yaani 12,000. Ongeza wakili, mpima ardhi na ua.

Ukitaka kujenga vyumba vya kupangisha, hesabu na kichwa baridi. Vyumba sita kwa 5,000 ni 30,000 kwa mwezi. Kodi ya mapato ya nyumba, tangu Januari 2024, ni asilimia 7.5 ya pango lote ukipita 288,000 kwa mwaka, kwa hiyo 2,250 inaenda. Chumba kimoja kikikaa bila mpangaji, unapokea 25,000, ukitoa kodi inabaki 23,125. Kama Sacco inakata 28,000, karibu 5,000 inatoka kwa mshahara wako kila mwezi, na bado tangi la maji halijapasuka. Kama daftari linasema hapana, ngoja. Kungoja si kukosa imani.

HITIMISHO

Wapendwa, mwaka jana yule mama alinipigia simu. "Pasta, nimeletewa ploti nyingine." Moyo wangu ukaruka. Nikamwuliza kitu kimoja tu, "Mama, umesoma?" Akacheka. "Nimesoma, mwanangu. Sehemu C iko na benki. Nimewaambia waende."

Huyo mama hajawahi kufungua kitabu hata kimoja cha utajiri. Na siku hizi mimi humpigia yeye kwanza nikitaka kuuliza habari za ardhi.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Kati ya hatua tano za Yeremia, ni ipi uliyoruka uliponunua ardhi mara ya mwisho? Bado unaweza kuirekebisha?
2. Hati zako ziko wapi? Mwenzi wako na watoto wakubwa wanajua?
3. Je, kuna mtu aliyenunua kitu kwa neno lako akaumia? Unamdai msamaha tu, au yeye anakudai kitu?
4. Tukijua ardhi ina historia ya dhuluma lakini karatasi ziko sawa, tufanye nini?

OMBI

Baba, tupe subira ya kusoma kabla ya kutia sahihi. Walioibiwa ardhi na akiba uwafungulie njia ya haki. Nasi tulioumiza wengine kwa kusema "iko sawa" bila kuangalia, utupe moyo wa kurudisha. Katika jina la Yesu, Amina.