Somo kwa Vyama: Sahihi ya Pamoja na Hila za Pochi za Sarafu za Kidijitali



Fedha za chama cha msingi hazitolewi benki kwa sahihi ya mtu mmoja. Kanuni hiyo twaijua sote. Twajua pia jinsi inavyovunjwa pasipo kuonekana kuvunjwa: mwenyekiti akaaye mbali, akichoka kuitwa kila mara, hutia sahihi kitabu kizima cha hundi tupu na kumwachia mwenzake. Tangu siku hiyo hundi zina sahihi mbili, lakini fedha zina mlinzi mmoja.

Somo hili lahusu hila mpya iliyojengwa juu ya kanuni hiyo ya zamani. Wanachama wenye simu za kisasa hupokea ujumbe unaowaalika kufungua au kutumia pochi za sarafu za kidijitali zenye idhini ya pamoja. Ieleweke mapema kwamba somo halikishauri chama chochote kuweka fedha zake huko. Benki Kuu ya Tanzania iliwatahadharisha wananchi mwezi Novemba 2019 kwamba sarafu hizo si fedha halali nchini. Lakini hatari isiyofahamika haiepukiki, hivyo hatuna budi kuifahamu.

Pochi hiyo ni nini?

Pochi ya namna hii haina noti ndani yake. Hesabu ya kila mwenye sarafu imeandikwa katika daftari la pamoja ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi duniani, nalo li wazi kwa yeyote kulisoma. Kilicho siri ni ufunguo, yaani namba ndefu ambayo kwa wepesi wa kuihifadhi huwakilishwa na maneno 12 au 24 yaliyopangwa kwa utaratibu maalumu. Mwenye maneno hayo ndiye mwenye kutia sahihi. Hakuna meneja wa benki wa kusimamisha malipo, na malipo yakishathibitishwa hayafutwi.

Ili kupunguza hatari, mwenye pochi aweza kuagiza kwamba malipo yasifanyike mpaka zipatikane, mathalan, sahihi mbili kati ya tatu. Ni kanuni njema, ile ile ya hundi. Walaghai hawahitaji kuivunja; huitumia.

Hila ya kwanza: pochi iliyoachwa wazi

Mtu asiyejulikana hujifanya mgeni wa mambo haya. Husema kwamba ana dola elfu kadhaa za sarafu ya Tether katika mtandao wa Tron, hajui namna ya kuzitoa, na anaomba msaada. Maneno yake ya siri huyataja hadharani. Msomaji mwenye tamaa huyaingiza katika simu yake, na kweli fedha huziona. Lakini ada ya kupeleka Tether katika mtandao huo hulipwa kwa sarafu nyingine, TRX, ambayo katika pochi ile haimo. Basi hununua TRX kidogo, huziingiza, kisha huamuru malipo. Malipo hukataliwa.

Sababu ni hii. Mtandao wa Tron humruhusu mwenye akaunti kuhamishia idhini ya umiliki kwa ufunguo mwingine, na mlaghai alikwisha kufanya hivyo kabla ya kutangaza. Maneno yale ni dirisha la kuchungulia, si mlango. TRX zilizoingia huchukuliwa na mwenye ufunguo wa kweli, naye hukaa akimngoja mwingine. Aliyeibiwa huona haya kushitaki, kwa kuwa naye alikuja kuchukua mali isiyo yake.

Hila ya pili: mshirika asiyealikwa

Hapa fedha ni za mlengwa mwenyewe. Hupewa programu ya bandia, au mtu ajiitaye mhudumu humwelekeza kuandika maneno yake ya siri mahali fulani, au kuthibitisha jambo asilolielewa. Kumbe idhini za pochi zimebadilishwa, na sahihi ya mlaghai imekuwa ya lazima. Mwenye pochi huendelea kupokea na kuona salio likikua. Siku atakapotaka kutoa ndipo aambiwe kwamba sahihi yake haitoshi. Akilalamika, hujitokeza wengine wakidai kuweza kumkomboa mali yake kwa malipo ya awali. Hao nao ni walaghai.

Hila ya tatu: funguo zote kwa mtu mmoja

Dalali hukiambia kikundi kwamba pochi yao itahitaji sahihi mbili kati ya tatu, kwa hiyo hakuna awezaye kuwaibia. Lakini funguo zote tatu amezitengeneza yeye, na aliyetengeneza ufunguo aweza kubaki na nakala yake. Swali la kwanza basi si sahihi ngapi zatakiwa, bali ni nani azishikaye.

Hata wakubwa wameanguka

Asidhani mtu kwamba hatari hii ni ya wasio na elimu pekee. Tarehe 21 Februari 2025 soko la sarafu za kidijitali liitwalo Bybit liliibiwa sarafu za thamani ya dola bilioni 1.5 hivi kutoka katika pochi ya sahihi nyingi. Watia sahihi walionyeshwa kwenye kioo malipo ya kawaida, lakini walichokiidhinisha kiliwapa wezi mamlaka juu ya pochi nzima. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitangaza kwamba wizi huo ulifanywa na Korea Kaskazini. Mwezi Julai 2024 soko la WazirX la India lilikuwa limepoteza zaidi ya dola milioni 230, nalo kutoka katika pochi ya sahihi nyingi. Sahihi hazikukosekana Bybit. Kilichokosekana ni mtu wa kuhakikisha kwamba kinachotiwa sahihi ndicho kinachoonekana.

Kanuni za kushika

1. Usimpe mtu yeyote maneno yako ya siri, wala usiingize ya mwingine katika simu yako.

2. Salio unaloliona si ushahidi wa umiliki. Anwani ya pochi hutazamwa katika daftari la wazi pasipo maneno ya siri, na kwa mtandao wa Tron huonekana huko ni funguo zipi zenye idhini.

3. Kila mwenye sahihi atengeneze ufunguo wake mwenyewe, katika kifaa chake mwenyewe.

4. Kabla ya kutia sahihi, kila mmoja asome mwenyewe: ni kiasi gani, chaenda kwa nani, na je, kuna idhini inayobadilishwa? Kisha aulizane na wenzake ana kwa ana au kwa sauti. Asiyeelewa asitie sahihi.

5. Katibu akishawishiwa kuingiza fedha za chama katika mambo haya, asiamue peke yake. Shauri lifikishwe mbele ya halmashauri na mkutano mkuu, na liandikwe katika muhtasari.

6. Aliyelaghaiwa atoe taarifa polisi mapema, akitunza ujumbe wote na anwani za pochi zilizohusika, wala asimlipe anayeahidi kuzikomboa fedha.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii ina daftari, tena lililo wazi kwa dunia nzima, na bado hupotea, kwa sababu daftari huandika kila lililoidhinishwa, jema na baya. Kulinda ni kazi ya mtia sahihi.

Maswali ya kujadili chamani

1. Je, katika chama chetu kuna hundi zilizotiwa sahihi kabla ya kujazwa? Ni nani aliyeruhusu?

2. Pochi yahitaji sahihi mbili kati ya tatu, na dalali na nduguye wanashika funguo mbili. Wanachama wana ulinzi gani?

3. Mwanachama amepokea maneno 12 ya siri kutoka kwa mtu asiyemjua. Tumshauri nini?