Karo la Mlimani, Chemchemi ya Bondeni: Somo kuhusu Majitaka na Maji ya Ardhini katika Usambara

Mji wa Lushoto umo bondeni, katika mwinuko wa takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, nao umezungukwa na miteremko ya Usambara Magharibi. Kwa vizazi vingi wakazi wa milima hii wamekunywa maji ya chemchemi, na kwa wengi maji maangavu na baridi yatokayo mwambani ni kielelezo cha usafi. Makala haya yanaeleza kwa nini imani hiyo haitoshi pale nyumba zinapoongezeka juu ya chemchemi, na ni lini inafaa kaya ziache makaro yao na kuungana katika mtandao mmoja wa majitaka.

Kazi ya karo na mipaka yake

Karo lililojengwa vizuri hufanya mambo mawili. Kwanza, hutuliza majitaka ili tope lizame chini na mafuta yaelee juu. Pili, hupeleka maji yaliyobaki katika shimo la kunyonya, ambako udongo huyachuja. Ni lazima ieleweke kwamba maji yanayotoka kwenye karo bado yamejaa bakteria na virusi. Kazi kubwa ya kuyasafisha hufanywa na udongo, si na karo.

Udongo huifanya kazi hiyo ukiwa na kina cha kutosha, ukiwa mkavu, na usipolemewa. Kwa kawaida hushauriwa kwamba shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji, na kwamba kati ya kitako chake na maji ya ardhini kuwe na udongo usiopungua mita 1.5. Katika Usambara masharti haya ni magumu kutimiza. Miamba ya milima hii ni ya kale na ina nyufa. Penye udongo mwembamba, maji machafu huingia katika ufa na kusafiri mbali bila kuchujwa. Aidha, wakati wa masika na vuli maji ya ardhini hupanda, na shimo lililokuwa kavu mwezi Februari huweza kukutana nayo mwezi Aprili. Wahenga walisema maji hayapandi mlima. Kinachomwagwa na jirani wa juu huteremka kwa jirani wa chini.

Madhara kwa afya

Maji yaliyoingiliwa na kinyesi huleta kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu, homa ya ini aina ya A na E, na kuhara kwa watoto kunakosababishwa na virusi. Kuchemsha maji huua vimelea hivi. Lakini majitaka huacha pia naitreti, ambayo haiondolewi kwa kuchemsha wala kwa klorini. Kuchemsha kwa muda mrefu huongeza hata ukolezi wake. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita. Mtoto mchanga anayetengenezewa maziwa ya unga kwa maji yaliyozidi kiwango hicho huweza kupungukiwa oksijeni katika damu, ngozi na midomo yake ikageuka kuwa ya buluu. Hiyo ni dharura: apelekwe hospitali mara moja. Mtoto anyonyeshwaye maziwa ya mama pekee ana kinga kubwa dhidi ya hatari hiyo.

Funzo kutoka London

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika eneo la Soho, London. Daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa wengi walikunywa maji ya kisima cha Broad Street. Mwaka uliofuata wachunguzi walichimba na kukuta shimo la majitaka la nyumba jirani, chini ya mita moja kutoka kisimani, likivuja. Nepi za mtoto aliyekuwa akihara zilikuwa zimefuliwa, na maji yake yakamwagwa katika shimo hilo. Ugonjwa uliporudi mwaka 1866, uliwapata zaidi wakazi wa mashariki ya jiji, ambako mtandao mpya wa majitaka ulikuwa haujakamilika.

Mtandao wa jamii

Si lazima mtandao uwe wa gharama za jiji kubwa. Tangu miaka ya 1980 Brazili imetumia mtandao rahisi: mabomba membamba, hata ya milimita 100, hulazwa karibu na uso wa ardhi, yakipita nyuani mwa nyumba. Nchini Tanzania mtandao wa namna hiyo umejengwa Vingunguti, Dar es Salaam. Milimani mteremko ni msaada, kwani maji hushuka yenyewe bila pampu.

Hata hivyo, bomba lisilo na mtambo wa kusafisha huhamisha ugonjwa tu. Moshi ina mabwawa ya majitaka huko Mabogini, na maji yatokayo humo hutumiwa na wakulima wa mpunga. Mabwawa huhitaji ardhi tambarare na pana, ambayo Lushoto ni adimu. Vijiji na miji ya milimani huenda vikafaa zaidi kwa mitambo midogo yenye vyumba vilivyofunikwa na vitanda vya kokoto na matete. Hapa pana jambo zito: mboga za mabonde ya Lushoto huliwa hadi Dar es Salaam. Majitaka yasiyosafishwa yakiingia kwenye mifereji ya umwagiliaji, mayai ya minyoo husafiri pamoja na kabichi na karoti.

Aidha, mtandao haufai kila mahali. Penye nyumba zilizotawanyika, choo bora kilichojengwa mbali na chanzo cha maji na kutunzwa vizuri kinatosha. Mtandao unahitajika pale viwanja vilipobanana hata umbali salama ukakosekana.

Wajibu wetu

Mhudumu wa afya aandike katika rejista ya wagonjwa wa kuhara chanzo cha maji wanachotumia; wagonjwa watano wa chemchemi moja ni taarifa ya kumfikishia afisa afya siku hiyo hiyo. Maji yapimwe wakati wa mvua, si kiangazi pekee. Katika mililita 100 za maji ya kunywa haitakiwi kupatikana bakteria hata mmoja wa kinyesi aina ya E. coli.

Nawe mgonjwa na mwanajamii, endelea kuchemsha au kutibu maji ya kunywa hata baada ya mtandao kujengwa, kwa kuwa uchafu uliokwisha kuingia ardhini huchukua muda kuondoka. Karo linaloachwa linyonywe, kisha lifukiwe. Mtu yeyote asiingie ndani yake, kwa maana hewa ya humo huua ghafla, na wengi hufa wakijaribu kumwokoa aliyetangulia.

Kikao cha kijiji kinapojadili gharama ya bomba, gharama ya dawa, ya siku za kazi zilizopotea na ya watoto waliozikwa iwekwe katika hesabu ile ile.