Dokezo Kabla ya Jibu: Namna ya Kufumbua Mafumbo kwa Pamoja

Ndugu msomaji, somo langu safari hii linahusu jambo ambalo wengi wetu hulifanya usiku baada ya Isha, bando likiruhusu: kufumbua mafumbo ya mantiki yanayozunguka mitandaoni. Sisemi vile vichekesho vya kumtega mtu kwa maneno. Nasema yale magumu, ambayo mtu hukaa nayo siku mbili, akaenda nayo darasani, akala nayo posho na maharage, na bado hajafika. Hapa chuoni tuko wachache tunaoyafanya pamoja kwa Kiswahili: Waganda wawili, Wakenya, Mtanzania mmoja, na ndugu zetu wa Burundi na Kongo.

Namna ya kuwa hodari sitaizungumzia, wapo wanaoijua kuliko mimi. Swali langu ni hili: mwenzako amekwama, na wewe umeshafika. Unampa nini?

Tuchukue fumbo moja tulishike mkononi. Mwezi wa Aprili 2015 fumbo kutoka Singapore lilitapakaa duniani kwa siku chache tu. Lilikuwa swali la mashindano ya hisabati ya wanafunzi wa shule. Mtangazaji mmoja wa televisheni akaliweka Facebook, na watu wazima wakaanza kubishana. Linakwenda hivi. Albert na Bernard wanataka kujua siku ya kuzaliwa ya Cheryl. Cheryl anawapa tarehe kumi: Mei 15, 16 na 19; Juni 17 na 18; Julai 14 na 16; Agosti 14, 15 na 17. Kisha anamnong'oneza Albert mwezi peke yake, na Bernard anamnong'oneza namba ya siku peke yake. Albert anasema: "Sijui ni lini, lakini najua kwamba Bernard naye hajui." Bernard anajibu: "Mwanzo sikujua, lakini sasa nimejua." Albert anamalizia: "Basi nami nimejua." Ni lini?

Kama hujawahi kulifanya, weka gazeti chini uchukue kalamu. Katika aya inayofuata sitaji jibu. Katika ile ya baada yake nitalitaja, kwa hiyo usikimbilie huko.

Dokezo la kwanza ambalo ningempa mwenzangu haligusi tarehe hata moja. Ningemwambia: soma tena kauli ya kwanza ya Albert, amesema mambo mawili, si moja. Akirudi bado amekwama, ningemuuliza: Bernard angenong'onezwa namba gani ndipo ajue jibu papo hapo, kabla mtu hajafungua mdomo? Akishazipata namba hizo, dokezo la tatu: kwa hiyo ni miezi gani ambayo Albert hawezi kuwa ameambiwa? Hapo mimi nanyamaza. Utaona kwamba kila moja kati ya hayo matatu linafungua mlango bila kumsukuma mtu ndani. Likizidi hapo si dokezo tena, ni jibu lililovaa kanzu.

Sasa jibu. Namba 18 na 19 zinatokea mara moja tu katika orodha nzima. Bernard angeambiwa mojawapo, angejua mara moja. Albert ana hakika kwamba Bernard hajui, na hakika hiyo hawezi kuwa nayo ikiwa ameambiwa Mei, yenye 19, au Juni, yenye 18. Basi miezi hiyo miwili inaondoka yote. Zinabaki Julai 14 na 16, na Agosti 14, 15 na 17. Bernard anafuata hoja hiyohiyo na kusema sasa amejua. Kwa hiyo namba yake si 14, maana 14 ipo katika miezi yote miwili. Zinabaki Julai 16, Agosti 15 na Agosti 17. Albert naye anasema amejua. Angekuwa na Agosti angebaki na tarehe mbili. Basi ni Julai 16.

Wengi duniani walipata Agosti 17, na hawakuwa wajinga. Walisoma kauli ya Albert kana kwamba ni habari aliyoletewa: Bernard hajui, basi tufute 18 na 19 peke yake. Juni inabaki na 17 tu, na kwa kuwa Albert naye hajui, Juni 17 inafutwa. Bernard anaposema amejua, namba pekee inayobaki mara moja ni 17 ya Agosti. Hoja imesimama vizuri, ila imesimama juu ya msingi mwingine. Albert hakuletewa habari na mtu. Alijua kwa mwezi alioambiwa, na hicho ndicho kinachofuta Mei na Juni nzima.

Nimelieleza kosa hili kwa urefu kwa sababu ya ukhti mmoja wa mwaka wa pili, kwao ni Bujumbura. Alikuwa na Agosti 17, na alikuwa ameitetea kwa siku mbili kwa hoja ambazo wengine wetu hatukuweza kuzivunja. Usiku wa pili mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akabandika jibu na maelezo yote, mstari kwa mstari, kama yalivyotoka mtandaoni. Ukhti akaandika: "Jazakallahu khairan, lakini sasa sitajua kama ningefika mwenyewe." Kisha akanyamaza karibu mwezi mzima. Yeye ndiye mwenye akili ya hesabu kuliko sisi sote, na kwa mwezi huo tulimkosa. Aliporudi tulimuuliza ni neno gani lingemtoa pale alipokuwa. Akasema maneno mawili yangetosha: "Albert amejuaje?"

Tangu hapo tuna kanuni ndogo. Aliyefika huandika "nimefika" na basi. Aliyekwama husema amefikia wapi na nini kinamzuia, si kuandika tu "nisaidieni". Anayemsaidia humwandikia swali moja, kisha husubiri. Jibu huwekwa kila mmoja akishafika, au akishatamka mwenyewe kwamba analitaka. (Na neno "nimefika" lenyewe ni dokezo, msidanganyike. Mtu akiliandika baada ya dakika tano, wote waliobaki wanajua kuna njia fupi ambayo hawajaiona. Ni Albert na Bernard tena.)

Sehemu ngumu ya kanuni hiyo ni ya pili, kusema umekwama. Ndugu wanaona haya, hasa wavulana, wakidhani "sijui" inawapunguzia hadhi. Imepokewa kwamba Imam Malik aliulizwa maswali 48, na katika 32 kati ya hayo akajibu kwamba hajui. Katika fumbo letu pia, bila ya "sijui" ya Albert hakuna aliyekuwa na njia ya kufika popote.

Wapo watakaouliza kama mambo haya yana nafasi katika elimu yetu au ni mchezo wa kupoteza muda. Msingi tunao, na ni mashuhuri. Mtume (S.A.W.) aliwauliza Maswahaba juu ya mti ambao majani yake hayapukutiki, na ambao mfano wake ni mfano wa Muislamu. Watu wakawaza miti ya jangwani. Abdullah bin Umar (r.a.) akawaza kwamba ni mtende, lakini akaona haya kusema kwa kuwa alikuwa mdogo wao. Wakaomba waambiwe, na Mtume akawaambia ni mtende. Hadithi hii imo katika Sahih al-Bukhari, katika Kitabu cha Elimu, na imamu aliiwekea mlango unaohusu kiongozi kuwatupia wenzake swali ili apime walichonacho.

Ninachokipenda zaidi kimo katika riwaya nyingine ya hadithi hiyohiyo. Wakati swali linaulizwa, Mtume (S.A.W.) alikuwa ameletewa moyo wa mtende, ile sehemu laini ya kileleni inayoliwa. Yaani dokezo lilikuwa mezani. Ibn Hajar katika Fat-h al-Bari anaishika nukta hii na kutoa mafunzo mawili: anayeulizwa fumbo aangalie hali iliyomzunguka wakati wa swali, na anayeuliza asilifiche fumbo lake mpaka msikilizaji akose hata mlango wa kuingilia. Tumekuwa tukibishana juu ya adabu za dokezo kana kwamba ni jambo la zama za simu, kumbe lilishaandikwa karne nyingi zilizopita.

Na msisahau mwisho wa kisa. Ibn Umar alipomweleza baba yake, Umar (r.a.) alimwambia kwamba angependa mno lau angelisema. Ndugu wa mwaka wa kwanza, mnaokaa nyuma na kusoma tu yanayoandikwa na wakubwa, mzingatie hapo.

Kuna wanaosema dokezo moja dogo halidhuru. Inategemea fumbo. Tazameni sudoku, ile ya vyumba 81. Mwaka 2012 mwanahisabati Gary McGuire wa Dublin na wenzake walionyesha, kwa kazi kubwa ya kompyuta, kwamba sudoku yenye jibu moja tu haiwezi kuanza na namba chini ya 17. Kwa hiyo namba zilizochapwa pale mwanzo zenyewe ndizo madokezo, na mtunzi amezipima kwa mizani. Ukimtajia mwenzako namba moja zaidi mahali panapobana, mara nyingi vyumba kumi vinaanguka vyenyewe na usiku wake umekwisha. Mwambie tu atazame safu ipi.

Lakini kwetu sisi wa masomo ya Kiislamu faida kubwa nimeiona katika faraidhi. Kuna mas'ala maarufu iitwayo al-Minbariyya. Imepokewa kwamba Ali (r.a.) aliulizwa akiwa mimbarini: mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui. Hesabu yake ni hii: asili ya mas'ala ni 24. Mke thumuni, mafungu 3. Mabinti theluthi mbili, 16. Baba sudusi, 4. Mama sudusi, 4. Jumla 27, imezidi 24. Basi tunagawa kwa 27, kila mmoja anapungukiwa kwa uwiano wake, na hiyo ndiyo aul. Mafungu matatu ya mke katika 27 ni tusui.

Nusu ya darasa wanalijua jibu hili kwa moyo. Siku mwalimu alipobadilisha neno moja tu, akaweka mume mahali pa mke, sauti nyingi zilisema "tusui" kabla hajamaliza swali. Mume ana robo kukiwa na watoto. Asili inakuwa 12: mume 3, mabinti 8, baba 2, mama 2. Jumla 15. Mume anapata moja ya tano. Aliyepewa jibu la kwanza bila njia yake hakuwa na la kufanya hapo. Ukhti wetu wa Bujumbura alikwisha kuandika 15 ubaoni.

Fumbo la Cheryl likikosewa hakuna anayelala njaa. Faraidhi ni jambo jingine. Chukulia marehemu wa al-Minbariyya ameacha shilingi 27,000,000, na mgawaji ni mmoja wetu, amemaliza chuo, kijiji kizima kinamwita sheikh, na aul haijui. Anampa mke thumuni kamili, 3,375,000. Anawapa mabinti 18,000,000. Anampa baba 4,500,000. Kwa mama mzee wa marehemu zimebaki 1,125,000, naye haki yake ni 4,000,000. Mama huyo hawezi kukagua hesabu. Atasema alhamdulillah na kuondoka nazo.

Ndiyo maana napenda tuendelee na mafumbo yetu ya usiku, na ndiyo maana nawasihi waliofika wazuie vidole vyao. Yule unayemwachia dakika kumi zaidi leo ndiye atakayeulizwa kesho, na hatakuwa na wa kumpigia simu.

Nawaachia moja. Mwanamke amefariki. Hakuacha mtoto, wala baba, mama, babu, bibi wala kaka. Ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Mume ana nusu, madada wana theluthi mbili. Ameacha ekari 21 za shamba. Kila mmoja anapata ekari ngapi? Dokezo: anzeni na sita, na jumlisheni mafungu kabla hamjagusa shamba. Mkifika niandikieni "nimefika" na muda mliotumia. Jibu bakini nalo mpaka toleo lijalo.