Dondoo muhimu: Kutoa kutu kwa chaja ya betri

Mafundi wa Nyarugusu, wa magari makuukuu na wa makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu vilevile: spea ya chuma iliyoshikwa na kutu inasafishika nyumbani bila asidi.

Jaza maji ndoo ya plastiki ya lita 20, kisha koroga humo vijiko vinne vya chakula vya magadi ya kufulia. Chumvi usiitie, huzaa gesi ya klorini. Waya hasi wa chaja ya volti 12 ufunge kwenye spea, chanya kwenye kipande cha nondo, vizamishe viwili hivyo majini visigusane, ndipo uwashe chaja. Ukigeuza waya, spea ndiyo itakayolika!

Usitumie chuma cha pua badala ya nondo. Maji yatapata sumu ya kromiamu. Vitu vya alumini, kama pistoni, magadi huvila. Springi pia ziache, gesi ya hidrojeni inayotoka kwenye spea huzidhoofisha zikavunjika.

Fanyia kazi hii nje, mbali na moto na sigara, maana viputo vya hidrojeni hiyo vinawaka. Na beseni lililowahi kushika zebaki ya kukamatia dhahabu lisisogee hapo kabisa.

Baada ya saa kadhaa zima chaja kwanza, sugua weusi kwa brashi, suuza, kausha, paka oili papo hapo.