Kompyuta ya Maktaba Ikiganda, Usikimbilie Kuizima

Katika maktaba yetu ndogo hapa Kasubi, Kampala, kompyuta ya kaunta ndiyo inayobeba kila kitu: kadi za wanachama, vitabu vilivyoazimwa, tarehe za kurudisha. Ikiganda jioni, wanafunzi wametoka shule na foleni imefika mlangoni, mkono wa mhudumu huenda wenyewe kwenye kitufe cha kuzimia. Naomba mkono huo ungoje kidogo. Ukizima papo hapo umefuta dalili zote, na kesho itaganda tena.

Anza na kibodi. Bonyeza Caps Lock mara mbili tatu huku ukitazama taa yake ndogo. Ikiwaka na kuzimika, mashine ingali hai na kilichokwama ni programu. Isipobadilika, na kipanya nacho hakisogei, basi mashine nzima imesimama. Shuku joto, diski, kumbukumbu au umeme.

Ikiwa hai, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itachelewa kufunguka, vumilia. Tazama prosesa, kumbukumbu na diski: ipi imekaribia asilimia 100?

Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: kompyuta ya jirani nayo imeganda? Koha tunayoitumia kaunta, programu huria ya maktaba iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000 na ambayo leo iko katika maktaba nyingi za Afrika Mashariki, hufanya kazi ndani ya kivinjari. Programu yenyewe iko kwenye seva. Kompyuta zote zikikwama kwa wakati mmoja, kuzizima na kuziwasha ni kupoteza muda. Fungua ukurasa mwingine wowote wa nje. Ukifunguka, piga simu kwa anayetunza seva. Usipofunguka, tatizo ni intaneti. Wakati huo huo toa daftari, andika namba ya mwanachama, namba ya kitabu na saa, msomaji aende zake. Utaziingiza baadaye.

Daftari la pili ndilo lililotuokoa. Kila kompyuta ilipoganda tuliandika saa, programu zilizokuwa wazi na kitu cha mwisho kilichobonyezwa. Mambo yakajipanga yenyewe. Asubuhi ilikuwa antivairasi ikikagua diski huku Windows ikipakua masasisho. Alasiri ilikuwa jambo jingine kabisa: wanafunzi wanaosoma historia huomba magazeti ya zamani kuhusu Makaburi ya Kasubi na moto wa tarehe 16 Machi 2010, nasi tumeyahifadhi kama PDF za picha, faili nzito kwelikweli. Mhudumu alizifungua katika kivinjari kile kile chenye Koha. Kumbukumbu ya GB 4 ikajaa, Windows ikaanza kuhamishia mzigo kwenye diski ya zamani inayozunguka, diski ikazidiwa, dirisha likageuka jeupe. Koha ndiyo iliyolaumiwa, na haikuwa na kosa.

Dawa yake haikuhitaji fedha. PDF tulizihamishia kwenye kompyuta ya wasomaji, ukaguzi wa antivairasi tukaupangia saa ya chakula cha mchana, na programu zinazojiwasha zenyewe tukazipunguza. Ukiwa na fedha kidogo, nunua diski ya SSD kabla ya kitu kingine chochote. Ya GB 240 inatosha kaunta, kwa kuwa orodha ya vitabu iko kwenye seva. Baada ya hapo ongeza kumbukumbu ifike GB 8. Lakini kwanza pima afya ya diski iliyopo kwa CrystalDiskInfo. Ikionyesha rangi ya manjano, nakili faili zako siku hiyo hiyo.

Vumbi nalo lisidharauliwe. Karibu na barabara ya Hoima, msimu wa kiangazi, ukifungua kasha utakuta vumbi jekundu limeshikana kama blanketi kati ya feni na chuma cha kupoozea prosesa. Chomoa umeme, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, ndipo upulize. Umeme ukikatika ghafla na mashine ikaanza kugandaganda baadaye, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika sfc /scannow, uiache imalize.

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi kuukuu hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa kaunta inayohitaji kivinjari tu, mimi ningeweka Linux Mint bila kusita. Ijaribu kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Kisoma msimbopau hakitakusumbua, kwani kompyuta hukiona kama kibodi. Printa ya risiti ndiyo ya kupima mapema, tena siku ambayo maktaba imefungwa.