Mama, Wewe Ungefanyaje?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa mabinti wawili, naishi Morogoro na mume wangu na mama mkwe. Shemeji alituletea kwenye flashi tamthilia ya Kikorea iitwayo SKY Castle, na kwa wiki tatu tumekuwa tukiitazama kila baada ya chakula cha usiku: mimi, mama mkwe, wifi yangu ambaye ni mwalimu wa sekondari, na binti yangu mkubwa aliye kidato cha nne. Binti ndiye anayesoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini na kumfasiria bibi yake.

Nilimpenda Han Seo-jin tangu siku ya kwanza. Najua ni mwongo, najua ana kiburi, najua anawakanyaga wenzake ili binti yake Ye-seo aingie chuo cha udaktari. Lakini kila alipolia, nililia naye. Yule jirani yake Su-im, msema kweli wa mtaa, nilimchukia kiasi kwamba akitokea nasema peleka mbele.

Tulipofika pale Seo-jin anajua kuwa kijana wa watu yuko mahabusu bure, naye ananyamaza ili binti yake asiharibikiwe, wifi akasema, "Huyu mwanamke ni shetani." Nikamjibu kwamba hajazaa, ndiyo maana hajui. Shangazi, wifi ametafuta mtoto kwa miaka mingi. Kabla hajafungua mdomo, binti yangu akaniuliza, "Mama, wewe ungefanyaje?" Nikasema bila kufikiri, "Ningenyamaza, mwanangu. Kwa ajili yako ningenyamaza."

Wifi akachukua mtandio wake akaondoka. Leo ni siku ya kumi na moja hajakanyaga kwetu. Binti alizima kompyuta akaenda kulala. Mume wangu, aliyekuwa kwenye kochi na simu yake, alisema tu, "Wanawake mnagombana kwa ajili ya watu wa Korea."

Silali vizuri. Je, kumpenda Seo-jin ni dalili kwamba nami nina roho mbaya? Na wifi nimwambie nini?

Mama wa Wawili, Morogoro

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo linalokunyima usingizi. Huna roho mbaya. Ulilia kwa sababu hadithi imetungwa ulie, na hukulia peke yako. Tamthilia hiyo ilipoanza kuonyeshwa na kituo cha JTBC cha Korea Kusini mwezi Novemba 2018, watazamaji wake hawakufika hata asilimia 2. Watu wakaambiana. Sehemu ya 20, ambayo ndiyo ya mwisho, iliporushwa Februari 2019, ilikuwa imekaribia asilimia 24, kiwango ambacho hakuna tamthilia ya kituo cha kebo huko iliyokuwa imewahi kukifikia. Mwezi Mei mwaka huo Yum Jung-ah, aliyecheza Seo-jin, akapewa tuzo ya Baeksang ya mwigizaji bora wa kike wa televisheni. Na ugomvi wa sebuleni kwako ulikuwa ugomvi wa kwao pia: wengi walimwonea huruma Seo-jin, na wengi walimchoka Su-im wakimwita mwanamke wa kujiingiza katika mambo yasiyomhusu. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2014 Lee Yu-ri alicheza mwanamke mbaya kupindukia katika Come! Jang Bo-ri, na mwisho wa mwaka akapata tuzo kuu ya tamthilia ya kituo cha MBC, tena kwa kura za watazamaji wenyewe.

Tazama jinsi mtunzi alivyokuweka. Kwa Seo-jin unaingia mpaka chumbani. Mlango ukifungwa, wewe umo ndani. Unajua kuwa alizaliwa akiitwa Kwak Mi-hyang, binti wa muuza damu ya ng'ombe sokoni, na kwamba alibadili jina na kujitungia baba mkuu wa benki Australia ili aolewe katika ukoo wa madaktari. Unamjua mama mkwe wake anayemdai mjukuu daktari kama mtu anavyodai mkopo. Basi hata anapokosea, wewe unakuwa umeshaiona hofu iliyomtuma. Mtu uliyewahi kumwona akilia peke yake si rahisi kumchukia.

Su-im hakupewa nafasi hiyo. Yeye kila mara tunamkuta mlangoni kwa watu, akiuliza. Anataka kuandika kitabu juu ya nyumba iliyofiwa, nyumba ya mama aliyejiua baada ya mwanawe kumkana, na hapo wanaomlaumu wana hoja, maana msiba wa watu si mali ya kuokota. Lakini chuki nyingi anayoipata haitokani na kitabu. Inatokana na kwamba anasema lililo kweli wakati sisi tumeshachagua upande.

Na hofu ya Seo-jin ina mahali ilipotoka. Hizo herufi za SKY ni vyuo vikuu vitatu: Seoul National, Korea na Yonsei. Mtihani wa kuingia chuo kikuu huko hufanyika siku moja ya Novemba, na wakati wa sehemu ya kusikiliza Kiingereza hata ndege haziruki wala hazitui, ili mngurumo usiwapotoshe watoto. Mama wa mtoto wa kidato cha nne pale Morogoro, ambaye mtihani wa mwanawe nao ni Novemba, hahitaji kufasiriwa hilo.

Kwa hiyo huruma yako haina kosa. Ila nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta jina moja, na sikuliona. Hye-na.

Umenitajia Seo-jin, Ye-seo na Su-im. Umenitajia hata mtandio wa wifi. Lakini yule msichana aliyefiwa na mama, aliyekuwa akiishi ndani ya nyumba ya baba yake kama mwalimu wa kumfundisha mdogo wake, aliyeanguka kutoka juu akafa, hayumo. Na yule aliye mahabusu kwa kifo hicho umemwita "kijana wa watu". Anaitwa Woo-joo. Hapo ndipo nataka uangalie, mwanangu. Kumwelewa mtu ni jambo jema, lakini kumwelewa kukizidi kunakula nafasi za wengine, mpaka aliyekufa anakuwa tatizo la aliye hai. Kila ukijikuta unamtetea mhusika, jiulize gharama yake inalipwa na nani, na kama unalikumbuka jina la mlipaji. Ukilikumbuka, endelea kumlilia Seo-jin bila wasiwasi.

Uliza pia kwa nini sebule nzima ilimgombania mama, na hakuna aliyemtaja baba. Kang Joon-sang, mume wa Seo-jin na baba wa Hye-na pia, ni daktari wa upasuaji. Hye-na alipofikishwa hospitali akiwa mahututi, alimtanguliza mjukuu wa mkubwa wake wa kazi, bila kujua kwamba anayemwacha ni damu yake. Na hata asingekuwa damu yake, alikuwa mtoto wa mtu. Sisi watazamaji tuna mazoea ya kumkagua mama kwa tochi na kumpitia baba gizani. Mume wako anaposema mnagombana kwa ajili ya watu wa Korea, mkaribishe asogeze kochi. Swali la binti lilikuwa lake pia.

Sasa nikwambie la kwangu, maana sitaki udhani nazungumza nikiwa juu ya mti.

Tulilelewa wawili nyumbani, mimi na mtoto wa marehemu mama mdogo. Tulilingana umri, tulilala kitanda kimoja. Mjomba alikuwa akituma ada yetu sote kutoka mjini. Mavuno yalipokuwa mabaya mwaka ule, mama akachukua fedha yote akanilipia mimi: ada, godoro, ndoo, sanduku la bati. Dada yangu akaambiwa ya kwake haikuja. Nikirudi likizo, yeye ndiye aliyekuwa akinipikia. Alikuwa ananiuliza maana ya maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye mgongo wa daftari langu, huku anapuliza moto. Ukweli niliujua nikiwa mtu mzima mwenye watoto, siku mama aliponiita akiwa mgonjwa.

Sikuacha kumpenda mama. Nilijua alivyotishika mwaka ule, nilijua alitoka wapi. Lakini tangu siku hiyo kila nikikishika cheti changu naona mikono ya dada yangu imejaa majivu. Zawadi ile sikuiomba, na deni lake limeniangukia mimi. Mama amekwenda, mimi ndiye ninayekutana na dada yangu kwenye misiba.

Ndiyo maana barua yako imenishika. Uliponiuliza juu ya Seo-jin na juu ya wifi, hukuniuliza juu ya binti. Yeye ndiye wa kwanza.

Fikiri alichosikia usiku ule. Wiki tatu amekuwa akiyatoa maneno ya Seo-jin kwa mdomo wake, akimfasiria bibi. Kisha akakuuliza swali, na ukamwambia kwamba ungemwacha mtoto wa mwenzako aoze ndani kwa ajili yake. Ulikusudia kusema nakupenda. Naye pengine amesikia kwamba mtihani wake una thamani kuliko mtu, au kwamba siku moja anaweza kuamka akakuta amebebeshwa jambo ambalo hakulichagua. Mtoto aliyezima kompyuta akaenda kulala bila neno hajasahau.

Usimwite kikao. Msubiri mkiwa mnachambua mchicha au mnaanua nguo, mwambie hivi: "Uliniuliza swali, nikakujibu haraka. Nilitaka kusema nakupenda, nikasema lingine. Jibu langu ni kwamba ningeogopa sana, na ningetamani kunyamaza, lakini nisingekupa maisha yaliyolipiwa na mtoto wa mwenzangu. Na mtihani wako, uje na daraja lolote, ni wako." Kisha nyamaza umsikilize. Usijifanye malaika ambaye asingeshawishika, kwa sababu hatakuamini. Mtoto anahitaji kujua kwamba mama yake anaogopa na bado anasimama.

Halafu wifi. Nenda kwake mwenyewe, kwa miguu yako, wala usimtumie ujumbe wa simu. Usianze na Seo-jin. Anza na neno la uzazi, kwa sababu hilo ndilo lililomwinua kwenye kiti. Mwambie, "Wifi, nilikuumiza mahali ninapopajua. Nisamehe." Hapo weka nukta. Msamaha wa neno kama lile ukifuatiwa na "lakini" unageuka tusi la pili.

Ulimtupia methali ya uchungu wa mwana kama jiwe. Sasa rudi nyuma kidogo kwenye tamthilia mliyoitazama. Anayekesha kwa ajili ya Woo-joo ni nani? Ni Su-im. Naye hakumzaa Woo-joo, ni mama yake wa kambo. Mwanamke uliyekuwa ukimpeleka mbele ndiye anayejua uchungu wa mwana katika sehemu ile, na hakuujulia leba. Ulipomwambia wifi hajui kwa sababu hajazaa, hadithi ilikuwa inakujibu palepale kwenye kioo, na hukuiona kwa kuwa macho yako yalikuwa kwa Seo-jin.

Mkishapatana, muulize kwa nini alikasirika vile. Ni mwalimu. Habari ya zile karatasi za mtihani zilizovujishwa kumsaidia Ye-seo yeye haitazami kutoka kwa mtoto anayesaidiwa, anaitazama kutoka dawati la nyuma, kwa yule aliyesoma kwa taa ya chemli akaamini kwamba wote wanaanzia mstari mmoja. Neno "shetani" lilikuwa kubwa mno, na akishatulia mwambie hivyo kwa upole, maana mtu ukishamwita shetani hulazimiki tena kujiuliza kama kuna siku ungeweza kuwa yeye. Wewe ulimwelewa Seo-jin ukawasahau waliolipa. Yeye aliwakumbuka waliolipa, akakataa kumwelewa Seo-jin. Kila mmoja wenu alikuwa na nusu, na ndiyo maana nataka mkae tena kwenye mkeka mmoja.

Sitakusimulia zilizobaki. Nitakwambia tu kwamba watazamaji wengi wa Korea hawakuridhika na sehemu ya mwisho, wakiona watu wamepatanishwa upesi mno. Mkimaliza, bishaneni juu ya hilo, na safari hii mume wako awepo.

Na utakapokaa kutazama, nakuomba kitu kimoja. Seo-jin akilia, wewe acha kumtazama. Sogeza macho yako kwa Ye-seo, umwone mtoto anavyomtazama mama yake. Kisha mtazame binti yako hapo ulipo, anavyokisoma kile kinachopita chini.

Akupendaye,
Shangazi